Mwarobaini na Maji ya Kinywani

Masikio yapo? Yapo. Meno yapo? Yapo, na mengine yanauma. Basi sogeeni karibu, na wewe uliyekunja uso usiteme. Tafuna kijiti chako polepole. Ukijua uchungu huo ulitoka wapi, hutaulaumu mti.

Hapo kale mti huu ulikuwa mtamu. Haukuwa na jina la leo. Watu waliuita mtamu, basi, kwa sababu kila kitu chake kilikuwa kitamu: jani, gome, tunda, hata mzizi. Na ulikuwa mmoja tu katika nchi nzima. Ulisimama nyuma ya nyumba ya mwanamke aliyeitwa Mwanamize, katika kijiji cha Kikindu, ambako ardhi ni ya chumvi, mahindi hayastawi, na watu waliishi kwa kusuka mikeka.

Mwanamize alikuwa mganga wa vinywa. Ugonjwa wa tumbo hakuugusa, wala homa, wala mambo ya mashetani. Lakini jino likiuma, ufizi ukitoa damu, mtoto akiota meno kwa taabu, watu walikwenda kwake. Alikata kijiti cha mti ule, akakichambua ncha kwa meno yake mpaka kikawa kama brashi, akampa mgonjwa. Au alitwanga majani akayabandika penye uvimbe. Watu wa Kikindu walikuwa na meno meupe mpaka uzeeni, na walicheka kwa sauti, vinywa wazi. Wasafiri waliopita walikuwa wakisema, kijiji kile utakijua kwa kicheko kabla hujaona moshi wake.

Jumbe wa kijiji alikuwa Pazi, mtu mwenye haki lakini mkali, ambaye akikasirika hata kuku walihama uani. Mkewe aliitwa Zamda. Walikaa miaka mingi bila mtoto, na walipompata, wakampata mmoja, mtoto wa kiume, wakamwita Kibwana. Pazi alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Alimbeba begani hata kwenye baraza la wazee, na mtoto akilia, shauri lilisimama.

Kibwana alipoanza kung'oka meno ya utoto, shavu lake la kushoto lilivimba. Zamda akampeleka kwa Mwanamize. Mganga akamfungua kinywa, akatazama, akabonyeza kwa kidole.

"Hili ni jipu la ufizi," alisema. "Bado bichi. Litapasuka lenyewe. Mbandike majani haya asubuhi na jioni, atafune kijiti akiweza, na jambo moja nakuomba, mke wa jumbe: usilitoboe. Likitobolewa bichi, usaha unarudi ndani, unakwenda kwenye damu. Akilia, mwache alie."

Zamda akaitikia, akarudi nyumbani na majani. Lakini kumwambia mama amwache mtoto alie ni rahisi kwa asiyekuwa mama. Kibwana alilia tangu jua linachomoza. Alilia hata sauti ikakauka, akabaki anafungua kinywa tu. Pazi alikuwa safarini. Zamda alikuwa amekaa na ukili mapajani, sindano ya kushonea mikeka mkononi. Akamtazama mwanawe. Akaitazama sindano. Akamlaza mtoto, akamtoboa.

Usaha ukatoka, mtoto akanyamaza, akalala. Zamda akashukuru Mungu. Kufika alasiri mwili wa mtoto ukawaka moto, na jua lilipozama shingo ilikuwa imekaza kama gogo. Mwanamize akaitwa, akaja mbio, akamfungua kinywa, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamfunga taratibu. Kibwana alikufa kabla baba yake hajarudi.

Msiba ule ulikuwa mzito. Pazi hakula, hakuoga, hakuzungumza na mtu. Siku ya arobaini ya mtoto ilipofika, watu wakakusanyika kwa jumbe kusoma hitima. Wali uliliwa, dua ikasomwa, na watu walipokuwa wanajiandaa kuondoka, Pazi akasimama.

"Mwanangu hakuwa na homa," alisema. "Hakuumwa na nyoka. Alikuwa na jino. Tangu lini jino likaua? Nataka kujua ni kitu gani kiliingia kinywani mwake."

Watu wote wakageuka kumtazama Mwanamize, aliyekuwa amekaa na wanawake karibu na mlango. Hakuogopa. Alisimama, akajifunga kaniki yake vizuri.

"Jumbe, dawa yangu umekula wewe, amekula baba yako. Haijaua mtu. Kilichoingia kinywani mwa mtoto yule sikukitia mimi. Muulize mama yake."

Pazi akamgeukia mkewe. "Zamda. Sema."

Zamda alimtazama mumewe, na macho aliyoyaona hayakuwa macho ya mtu. Aliona kwamba akisema neno "sindano," hatalala tena katika nyumba ile, na pengine hatalala tena mahali popote. Kinywa chake kikafunguka, na neno lililotoka halikuwa lile alilokuwa nalo moyoni.

"Ni dawa yake," alisema.

Mwanamize alimtazama. Watu waliokuwapo walisema baadaye kwamba hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayengoja sentensi iishe. Lakini Zamda aliinamisha kichwa, na sentensi ikawa imekwisha.

Basi wanaume walikwenda nyuma ya nyumba ya Mwanamize na mashoka na vijinga vya moto. Wakaukata mti, wakaurundikia makuti, wakauwasha. Kijiji kizima kilinuka utamu, kama sukari inayoungua, na watoto wakalia bila kujua wanalilia nini. Mganga aliletwa mbele ya moto aone. Matunda yaliyoiva yalikuwa yakidondoka pembeni, na Mwanamize akainama, akaokota moja, akalitia mdomoni. Hakuna aliyemzuia. Walidhani ni njaa, au ni wazimu.

Alifyonza utamu wake wote, na kokwa akaisukuma nyuma ya gego, shavuni.

Wakampekua. Wakachukua mkoba wa dawa, kisu, kinu kidogo, hata kibuyu cha maji. Jumbe alisema asitoke na chochote cha Kikindu. Walitazama mikononi, walitazama kwenye pindo za nguo, walitazama nyweleni. Hakuna aliyemwambia afungue kinywa. Na kwa kuwa alikuwa ameficha kokwa ile, hakuweza kusema neno. Walimtukana, hakujibu. Mzee mmoja aliyekuwa akimpenda alimwuliza, "Mwanamize, huna la kusema?" akatikisa kichwa tu. Watu wakaambiana, "Mnaona? Angekuwa na haki angejitetea."

Aliondoka hivyo, midomo imefungwa, akavuka mbuga ya chumvi.

Alitembea mpaka akafika penye vilima vya mawe, mahali pasipo na watu, palipokuwa na dimbwi dogo katikati ya miamba. Penye dimbwi palikuwa na mawe matupu, mti usingeshika. Udongo ulikuwa mbali kidogo, chini ya mteremko, mwekundu na mkavu. Hapo akatoa kokwa mdomoni, akachimba kwa vidole, akaizika. Kisha akakumbuka kwamba hana chombo. Hana kibuyu, hana kifuu, hana hata kigae.

Akapanda mpaka kwenye dimbwi, akainama, akajaza maji kinywani. Akashuka mteremko na mashavu yamejaa, akapiga magoti, akayatemea pale alipozika kokwa. Akapanda tena.

Hivyo ndivyo alivyoulea mti ule. Maji yake yote yalipita kinywani mwake. Na kinywa kile kilikuwa kinywa gani? Kilikuwa kinywa cha mtu aliyesingiziwa akanyamaza. Matusi aliyotukanwa alikuwa ameyameza, na majibu aliyotaka kuyatoa alikuwa ameyameza pia, na kila asubuhi alipoamka yalikuwa yamepanda tena mpaka kwenye ulimi, machungu kama nyongo. Maji yalikaa humo njia nzima, kutoka dimbwini mpaka mtini. Yakitoka, hayakuwa tena maji ya dimbwi.

Mche ulitoka. Ukakua haraka, tena katika udongo ambao hata miiba iliuogopa. Ulipokuwa na majani ya kutosha, Mwanamize alichuma jani moja akatafuna, akitegemea ladha ya nyumbani. Akatema palepale. Aliketi chini, akalia kwa mara ya kwanza tangu atoke Kikindu. Kisha, kwa kuwa hakuwa na dawa nyingine na fizi zake zilikuwa zimeanza kuuma, akachuma jani la pili, na hilo akalimeza.

Huko kijijini mambo yaliharibika taratibu. Mwaka wa kwanza watu walisema ni bahati mbaya. Baadaye kila nyumba ilikuwa na mtu mwenye kitambaa kimefungwa kuzunguka taya. Fizi zilioza, meno yalilegea, vinywa vikanuka hata watu wakaanza kuzungumza wakiwa wamepeana mgongo. Wanawake walijifunika midomo kwa pembe za nguo. Kicheko kikapotea Kikindu. Pazi mwenyewe aling'oka meno ya mbele, na alipotoa hukumu barazani, maneno yalimponyoka kama mate, watoto wakawa wanamwigiza.

Katika miaka hiyo Zamda alizaa tena, mtoto wa kike, akaitwa Mwasiti. Zamda hakuwahi kumwacha peke yake, hata kisimani alikwenda naye. Mwasiti alipofikia umri wa kung'oka meno, siku moja aliamka na shavu limevimba. Lilikuwa shavu la kushoto.

Zamda alisimama katikati ya nyumba. Sindano ya mikeka ilikuwa imechomekwa ukutani, mahali pake pa siku zote. Hakuigusa. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka kwa mlango wa uani bila kumuaga mumewe. Wachunga mbuzi walikuwa wamesema kwamba ng'ambo ya mbuga kuna mwanamke anayebeba maji mdomoni. Akafuata njia hiyo, jua kali kichwani, mtoto akiguna kwa maumivu begani mwake.

Alimkuta Mwanamize ameketi chini ya mti, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote. Zamda akasimama mbali.

"Hodi," aliita.

"Sema hapo hapo ulipo."

"Shikamoo, Bi Mwanamize."

Mke wa jumbe hakuwa na desturi ya kumwamkia hivyo mganga wake. Mwanamize aliisikia salamu, na hakusema marahaba.

"Mtoto ana nini?" aliuliza.

"Jino."

"Mlete."

Zamda akamfungua mtoto mgongoni. Mwanamize akamweka mapajani, akamfungua kinywa, akatazama, akabonyeza kwa kidole kama alivyofanya zamani. Bila kuinua uso akauliza:

"Umemtoboa?"

Zamda akatikisa kichwa. "Sikumtoboa."

"Yule mwingine ulimtoboa."

Mtoto aliwatazama, huyu na huyu.

"Nilimtoboa," alisema Zamda. "Ulijuaje?"

"Niliona tundu. Usiku ule nilipomfungua kinywa, niliona tundu la sindano kwenye ufizi."

"Basi kwa nini hukusema? Mbele ya watu wote, kwa nini hukusema?"

Mwanamize akainua uso sasa. "Ningesema, mumeo angekuua papo hapo, na kaburi la mtoto lilikuwa bado halijaota nyasi. Nikasema, yeye ni mama, aachwe aseme mwenyewe kwa maneno yake, aombe huruma. Nikakupa nafasi. Nikasema, muulize mama yake." Akamfuta mtoto mate. "Nilikungoja, Zamda. Hata wakati mti unaungua nilikuwa bado nakungoja."

Zamda alianguka magotini akashika miguu yake. Mwanamize akaiondoa miguu, bila kishindo, kama mtu anayepisha mwenzake njiani. Akasimama, akakata kijiti, akakichambua ncha, akampa Mwasiti.

"Tafuna."

Mtoto akatafuna, uso wake ukajikunja, akataka kutema. "Mama, chungu!"

Zamda alishangaa. "Bi Mwanamize, mti huu si ule? Ule ulikuwa mtamu."

"Ule mtamu mliuchoma. Huu ni mtoto wake, na nimeulea mimi, kwa kinywa mlichoniachia. Dawa ninayo. Utamu sina tena."

"Unaitwaje sasa?"

"Nauita wa arobaini. Siku ya arobaini ya mwanao ndiyo iliyoupanda."

Akatwanga majani juu ya jiwe, akambandika mtoto. Akakata kijiti kingine akamwelekezea Zamda. Zamda akakipokea, akatafuna, na uchungu ulipomfika kooni, machozi yakamtoka. Alitafuna mpaka kikabaki nyuzi tupu.

"Nisamehe," alisema.

"Leo siwezi. Na kesho sikuahidi."

"Nitarudi niseme kila kitu."

"Ukitaka kusema, kasemee kule, mbele ya walioniona nikitoka. Hapa hakuna wa kukusikia ila mimi, na mimi nayajua." Akamfunga mtoto mgongoni mwa mama yake, akakaza fundo. "Beba na matawi haya. Atafune asubuhi kabla hajafungua mdomo kwa mtu. Na usiniambie ahsante. Neno lako lolote lililo tamu sitaki kulisikia."

Zamda alivuka mbuga kurudi. Alipokaribia kijiji, jipu la Mwasiti lilikuwa limepasuka lenyewe, na mtoto alikuwa ameomba chakula. Zamda hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja barazani, mahali ambapo wanawake hawakuingia, akasimama mbele ya mumewe na wazee, akasema. Alisema jipu, alisema sindano, alisema usaha, alisema yale maneno matatu aliyoyatamka siku ya arobaini. Mzee mmoja akamkatiza, akasema mambo ya zamani yaachwe, mtoto huyu si amepona? Zamda akaendelea mpaka mwisho.

Pazi akauliza kwa ile sauti yake ya mapengo, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

Watu walidhani atamwua. Hakumgusa. Aliinuka, akatembea taratibu mpaka nyuma ya nyumba iliyokuwa ya Mwanamize, akasimama pale penye kisiki cheusi, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Tangu hapo aliishi nyumba moja na mkewe mpaka kufa kwao, na inasemekana hawakuzungumza ila la lazima.

Kesho yake kijiji kizima kilitoka kwenda kumrudisha Mwanamize. Walibeba mbuzi, nguo mpya, mikeka ya rangi, na kibuyu. Walikuta kibanda kitupu na majivu yamepoa. Mti ulikuwa pale, na kutoka mtini mpaka dimbwini, kando ya njia aliyokuwa akipita na maji, kila tone lilipokuwa limemdondoka mdomoni, palikuwa na mche. Waliita mpaka sauti zikakauka. Wengine husema alikwenda mbele zaidi, akipanda kila anapolala, ndiyo maana leo hukosi mti huu popote uendapo, hata penye ukame ambapo hakuna mtu angeupanda kwa akili yake. Mimi sijui. Najua tu kwamba hakuonekana tena Kikindu.

Waling'oa ile miche wakaipanda kwao. Wakataka kuurudisha utamu. Waliimwagilia asali iliyochanganywa na maji, wakaimwagilia tui la nazi, wakaimwagilia maji ya muwa. Miti ilikunywa yote, ikanawiri, ikatoa jani lilelile chungu. Mwishowe wakaacha, wakatafuna hivyo hivyo, na vinywa vikapona.

Na tangu siku hiyo mwarobaini ni mchungu kuanzia jani mpaka mzizi. Watu wakiulizwa jina limetoka wapi husema ni kwa sababu unatibu maradhi arobaini, na huenda ni kweli. Maradhi ni rahisi kumsimulia mtoto kuliko aibu. Tangu siku hiyo anayekukatia tawi la dawa humpi ahsante. Unapokea, unakwenda zako. Na tangu siku hiyo watu wa kwetu huamka, wakakata kijiti, wakatafuna kabla hawajasema neno na mtu yeyote. Ukimkuta mtu asubuhi uani na kijiti mdomoni, macho yamemlenga machozi, usimwamkie. Mwache amalize kwanza.